Lifungue Ganda Kabla Hujawasha

Nyumbani, Nkoaranga

Mwanangu Eliamani,

Leo mchana uliniamkia, ukasema "Shikamoo Baba," nami nikaguna tu. Marahaba, mwanangu. Ndiyo hiyo, imechelewa lakini imefika, na nimeiweka kwenye karatasi ili usije ukawaambia watu wa Babati kwamba baba yako hakukuitikia.

Nakuandikia nikiwa nimeketi kizingitini. Jua bado halijashuka nyuma ya migomba, na gari liko mbele yangu hapa uani, limeelekezwa barabarani kama ulivyoliacha. Wewe na mkeo Anasia mmekwenda Maji ya Chai kumuaga mama mkwe wako, na kesho alfajiri mtarudi kuchukua mizigo muondoke. Mama yako anakupikia loshoro ya njiani, ya mahindi na maziwa ya mgando. Ameniuliza kwa nini namwandikia barua mtu nitakayemwona kesho. Nimemjibu kwamba mimi na wewe tukifungua vinywa hatumalizi maneno mawili kabla ya kugombana. Alicheka, kisha akarudi jikoni, maana jana alikuwepo.

Sitakuandikia habari za blanketi, wala kanisa, wala namna ya kukaa na Bwana Karim, tajiri wako mpya huko Babati, mwenye gari hili. Hayo mama yako amekwisha kuyasema mpaka umeanza kuitikia kabla hajamaliza. Mimi nina jambo moja. Ni lile ganda la mgomba ulilolizungushia bomba la petroli. Naogopa, Eliamani. Neno hilo naliandika kwa sababu mdomoni halinitoki. Mdomoni yanatoka matusi, nawe umeyasikia ya kutosha.

Jana niliinua boneti nikitaka kuangalia mkanda wa feni tu, nakuapia, nikaliona. Ganda bichi, pana, limevingirishwa toka chini ya tangi mpaka kwenye kabureta, limefungwa kwa kamba ya mgomba, na fundo lake limerudishwa nyuma, ncha ikafichwa ndani. Kazi safi. Ningekuwa mtu mwingine ningekusifu. Wewe ulikuwa nyuma yangu unatabasamu, ukaniambia, "Baba, si ndivyo ulivyokuwa ukifunga wewe? Madereva wa Bwana Karim wamenionyesha. Mpaka leo wanaliita shuka la Nathanaeli."

Nikanyoosha mkono kulifungua. Ukanishika kifundo. Hukunishika kwa nguvu, lakini ulinishika, na ukasema, "Baba, gari hili nimekabidhiwa mimi. Ukiligusa, naondoka na sitakanyaga tena hapa."

Nikakuita mjinga. Ukaniita mzee asiyependa mtu mwingine ajue kitu. Mama yako akaweka ndoo chini akatutazama. Hapo ndipo tulipoishia, na leo nimeguna.

Sasa nisikilize kwa macho, kwa kuwa masikio yamekwisha kuchoka.

Shuka la Nathanaeli ni langu kweli. Nililianzisha wakati wa vita vikuu vya pili, nikiwa fundi kwenye gereji ya Sardar Mohan kule mjini, yule Singasinga mwenye ndevu nyeupe aliyekuwa akikupa njugu ulipokuwa mdogo. Magari ya siku hizo yalikuwa kama hili lako, tangi liko mbele juu ya magoti ya abiria, na petroli inateremka yenyewe kwa bomba mpaka kwenye injini. Gari likitoka Moshi na kupita ile tambarare ya Sanya saa za jua kali, bomba linapata moto, petroli inachemka ndani yake na kugeuka mvuke. Injini inakohoa, inazima. Dereva anakaa kando ya barabara anasubiri ipoe, na abiria wanamtukana. Dawa yake ilikuwa kitambaa chenye maji. Lakini wakati wa vita kitambaa kilipatikana wapi? Watu walivaa magunia.

Mimi ni Mmeru. Nimezaliwa ndani ya migomba, na najua ganda la mgomba linavyoshika maji. Siku moja nilikata ganda, nikalilowesha, nikalizungushia bomba la gari la Zakaria. Zakaria alikuwa rafiki yangu toka tukiwa darasa moja kwenye shule ya misheni, na alikuwa dereva wa mfanyabiashara mmoja aliyepeleka bidhaa Moshi na kurudi na abiria. Alikwenda, akarudi bila kuzimikiwa hata mara moja. Alipofika gereji alipiga honi toka mbali, akashuka akanikumbatia mbele ya watu. Baada ya hapo madereva walikuja kwangu mmoja mmoja. "Fundi Natha, nivalishe shuka." Nikawavalisha. Nilijiona mtu mkubwa, mwanangu. Nilikuwa natembea sokoni kifua mbele, nikisalimiwa na watu nisiowajua.

Sardar Mohan ndiye aliyenifundisha bomba. Alinifundisha kwamba shaba nyekundu ikitikiswa muda mrefu inakuwa ngumu na kupasuka, kwa hiyo unaichoma mpaka iive nyekundu, unaizamisha majini, inalainika upya. Alinifundisha kuikunja pete moja njiani ili mtikisiko uishie kwenye pete usifike kwenye nati, na kuiweka mbali na ekzosi hata kama njia inakuwa ndefu. Kila asubuhi alipitisha kidole kikavu chini ya bomba toka mwanzo hadi mwisho, kisha akanusa kidole. Alisema macho yanadanganywa na vumbi, lakini pua haidanganywi. Aliponiona navalisha gari la tatu au la nne, aliacha kazi yake akaja kusimama kando yangu.

"Natha," akasema, "bomba ya petroli hapana vaa nguo. Yeye iko uchi, wewe naona yeye. Yeye iko na nguo, nani naona?"

Nilisema, "Ndiyo, Sardar," na aliponipa mgongo niliwakonyeza wenzangu. Jioni niliwaambia mzee ana wivu kwa sababu watu wameanza kuniulizia mimi. Wakacheka. Nami nilicheka kuliko wao.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Wahenga hawakuwa na petroli. Ufa wa bomba ukiuzibia ganda, unavuja vilevile, ila wewe huoni. Ganda linakunywa petroli polepole kila siku, na upande unaotazama ekzosi unakauka kwa joto. Unajua ganda kavu la mgomba linavyowaka. Mama yako anawashia jiko kila siku. Sasa fikiria hilo ganda kavu limeloweshwa petroli, nawe umelifunga mwenyewe kwa fundo zuri juu ya chuma cha moto.

Zakaria aliungua Maji ya Chai, karibu na mto. Mimi nilikuwa naye. Hili unalijua, mkono wangu wa kulia umeuona tangu ulipoanza kuona. Lakini sijawahi kukusimulia ilivyokuwa, na nadhani nilikosea. Nilikuacha ukaokota hadithi kwa madereva, na madereva hupenda kusimulia lile shuka tu.

Tulikuwa tunarudi kutoka Moshi. Jua lilikuwa kali na ganda lilikuwa limekauka. Zakaria alisimamisha gari karibu na mto ili aliloweshe, kama kawaida yake, na akinamama waliokuwa nyuma wakashuka kununua nyanya. Namshukuru Mungu kwa nyanya zile. Zakaria akainua boneti akainama. Mimi nilikuwa bado nimeketi, nikijinyoosha, nikimwambia jambo la kipuuzi kuhusu mwanamke mmoja wa Usa. Nikasikia sauti ndogo kama ya mtu anayepuliza mshumaa. Zakaria akainuka na kifua chake kilikuwa kinawaka.

Niliruka chini. Watu walimlaza Zakaria mchangani wakamgeuzageuza. Mimi nilikimbilia gari, maana petroli ya tangi la juu haikomi kwa sababu injini imezima. Inateremka tu, inaulisha moto mpaka tangi liishe, na kuikomesha ni kufunga koki iliyo chini ya tangi. Niliipapasa koki ile nisiipate. Unajua ilikuwa wapi? Ilikuwa ndani ya ganda. Nililifunga mimi mwenyewe, nikalipitisha juu ya koki ili lionekane nadhifu, nikaficha ncha ya fundo ndani ili lisifunguke njiani. Halikufunguka. Nilivuta mpaka ngozi ya vidole ikabaki pale. Watu wa sokoni wakaleta ndoo za maji wakamwaga, na petroli ikaelea juu ya maji ikiwaka, ikateremka kufuata mteremko hadi kwenye majani ya mtoni. Mtu mmoja alikuwa akipiga kelele, "Mchanga! Mchanga!" na hakuna aliyemsikia.

Zakaria alikaa hospitali siku chache. Nilikaa kando ya kitanda chake, mkono wangu umefungwa bendeji. Nilijua nitalaumiwa, na nilitaka nilaumiwe. Badala yake aliniambia, kwa sauti ambayo sikuijua, "Natha, ganda lako ni zuri. Mimi ndiye niliyechelewa kulilowesha. Usiwakataze wenzangu. Bila ganda hawavuki Sanya." Akafa na neno hilo. Nimeishi nalo miaka yote hii, na nakuambia wazi, lingekuwa nafuu kama angenitukana.

Sikumtii. Mkono ulipopona kidogo, nilikwenda kituoni kwa madereva, nikawaonyesha vidole vyangu, nikawaambia, "Vueni. Nilikosea. Sardar alinionya, nikamcheka. Vueni yote leo." Walinipa pole. Walininunulia chai. Kisha mmoja wao, mtu mzima mwenye watoto, akasema, "Pole sana, fundi, lakini Zakaria alisahau kulowesha. Mimi sisahau." Na mwingine akasema hivyohivyo. Nilizunguka mpaka Tengeru, nikarudi mjini, na kila dereva alinijibu jibu lile kana kwamba walifundishwa pamoja. Nilijaribu kulifungua ganda la mmoja kwa nguvu, tukapigana mbele ya duka, na Sardar akaja kunichukua kama mtoto aliyepotea. Alinipeleka gereji akanipa kazi ya kusafisha kabureta kwa mkono mmoja.

Baadaye nilisikia kuna gari jingine liliungua huko mbele ya Oldonyo Sambu. Walisema dereva alivuta sigara. Sikuuliza kama lilikuwa limevaa shuka, kwa kuwa nilijua. Hivyo ndivyo ilivyo, mwanangu. Nilipokuwa mjinga watu wote walinisikiliza. Nilipopata akili, na akili yenyewe imeandikwa hapa kwenye vidole, hakuna aliyetaka kusoma. Jambo likishamsaidia mtu mara moja, huwezi kumnyang'anya. Nikaacha kusema. Nikadhani litakufa lenyewe, magari ya zamani yakiisha. Kumbe lilikuwa linakungoja wewe.

Na sasa nakuja kwenye kosa langu jingine, ambalo linaniuma kuliko lile, kwa sababu ndilo lililokufunga masikio.

Baada ya Zakaria sikuamini tena fundo wala nati iliyofungwa na mtu yeyote. Nilianza na wenzangu, nikaja kwako. Ulipoanza kujifunza kazi kwangu, kila nati uliyokaza niliifungua nikaikaza upya, hata ile uliyoikaza vizuri. Hasa ile uliyoikaza vizuri. Nilikuwa nafanya hivyo mbele ya watu. Sikukuambia ulichokosea, kwa kuwa mara nyingi hukukosea kitu. Siku moja ulifunga bomba la lori la mkulima wa kahawa peke yako, ukaja kuniita kwa furaha nije nione. Nilikuja, nikalifungua lote mbele yako, nikalifunga tena vilevile ulivyolifunga. Ulisimama pale umeshika spana. Hukulia. Ulikuwa umeshapita umri wa kulia. Mama yako alikuwa ameleta chakula, akaliona lile, na jioni aliniambia, "Natha, mtoto huyu atakuja kukuogopa wewe kuliko moto. Na akishaacha kukuogopa, hataogopa hata huo moto."

Nilimwambia wanawake hawajui mambo ya gereji. Watu husema mchelea mwana kulia hulia yeye, nami nikajificha nyuma ya methali hiyo, nikajiona baba mwema mwenye mkono mgumu. Ningekuambia tu, "Naogopa," ungejua tatizo liko kwangu na si kwenye nati zako. Sikusema. Kwa hiyo ulijifunza kwamba mkono wa baba ukielekea kwenye kazi yako, unakuja kukudharau. Jana mkono huo ulipokwenda kwenye ganda, ulikuwa unakuja kukuokoa, lakini ungejuaje? Ulikuwa mkono uleule.

Nisamehe kwa hilo. Nimeliandika mara moja na sitaliandika tena, kwa hiyo lisome vizuri.

Nimeinuka kidogo, nimerudi. Nimekwenda kwenye gari. Usikasirike kabla hujafika mwisho wa sentensi, sijaligusa ganda lako. Niliinua boneti nikaweka mikono nyuma kama mtu aliye mbele ya hakimu, nikaangalia na kunusa.

Ganda ulilifunga juzi. Tangu juzi jua limewaka, na gari limesimama hapahapa. Hukulilowesha, wala mimi, wala mama yako. Nimemuuliza. Ganda limekauka, limekunjamana na kugeuka rangi ya kahawia toka juu mpaka karibu na kabureta. Lakini pale chini, mahali bomba la shaba linapoungana na kile kipande cha mpira ulichokiunga, pana unyevu. Una ukubwa wa shilingi. Nimetazama muda mrefu, nikidhani ni kivuli. Si kivuli. Na si maji, Eliamani. Maji yangekuwa yamekauka jana.

Jana nilikuuliza mpira ule umeununua wapi, ukanijibu, "Mpira ni mpira, Baba." Mimi pia nilisema hivyo zamani. Wakati wa vita nilikata kipande cha mpira wa maji ya rejeta nikakitumia kwenye petroli, kwa kuwa kilikuwa kipya na kinang'aa. Nje kilibaki kizuri. Nilipokuja kukichomoa, ndani kilikuwa kimevimba na kulegea mpaka kikawa uji mweusi, na kikaniachia vipande mkononi. Mpira wa petroli unaujua kwa kuukata na kuuacha ndani ya kopo la petroli usiku kucha. Ukivimba, utupe. Na ukikaza klipu mpaka inaukata mpira, hujakaza, umepasua. Haya ulikuwa uyajue kwangu ukiwa na miaka kumi na mitano, lakini nilikuwa na shughuli ya kufungua nati zako.

Sasa fikiria safari ya kesho. Mkitoka mjini bado kutakuwa na baridi, na hamtaona kitu. Barabara ni nzuri mpaka mbali. Anasia atakuwa ameketi kando yako na tumbo lake la miezi saba, tangi juu ya magoti yake, anatazama punda milia na kukuuliza maswali. Mtafika Makuyuni saa za jua. Kutoka hapo kwenda Babati ni joto na vumbi, na kwa mwendo mrefu hutakutana na mtu wa kukumwagia hata kiganja cha mchanga. Injini itapata moto, ekzosi itapata moto, na ganda lako litakuwa limekauka zaidi kuliko lilivyo sasa, isipokuwa pale palipo na unyevu. Utasimama uliloweshe, kama ulivyofundishwa. Utainua boneti, hewa itaingia. Na Anasia hawezi kuruka kama nilivyoruka mimi. Mlango wa upande wake unakwama, lazima ufunguliwe kutoka nje. Umeniahidi kuutengeneza mkifika Babati.

Nimeliandika hili, nikasimama nikanawa uso. Mama yako ameniuliza nina nini. Nimemwambia ni moshi wa jiko.

Najua utakavyosema. Utasema madereva wa Bwana Karim wanakwenda na kurudi na ganda hilohilo, na hakuna aliyeungua. Ni kweli. Zakaria naye alikwenda na kurudi mpaka tukaacha kumtazama. Utasema wewe hutasahau kulowesha. Na hapo, mwanangu, sijawahi kumshinda mtu yeyote mbele ya jibu hilo.

Nilifikiria kulifungua usiku huu na kukuachia bomba uchi, ukasirike, uondoke usirudi. Nilifikiria pia kufungua koki na kuimwaga petroli yote chini ya migomba. Ningeweza. Lakini ungefika mjini ukajaza nyingine, na kwa hasira ungefunga ganda nene zaidi, na safari hii usingekuwa unatabasamu. Nimekufungulia vitu miaka mingi na haikukufundisha kufungua. Kesho lazima mkono uwe wako.

Kwa hiyo nimeamua hivi. Barua hii utaikuta kwenye usukani, nimeifunga kwa uzi. Kabla hujafika nitakuwa nimeketi kwenye kiti cha mbele, mahali pa Anasia, na mlango ule unaokwama nimeufunga. Usiniambie nishuke. Isome ukiwa umesimama pale nje, hata kama ni kwa kurunzi, nami nitanyamaza mpaka umalize, na unajua kunyamaza kwangu si kazi ndogo. Ukimaliza, inua boneti ulifungue ganda wewe mwenyewe. Pitisha kidole kikavu chini ya bomba, unuse. Kikiwa kikavu, nitateremka, nitakuomba radhi mbele ya mkeo, na nitasukuma gari mpaka barabarani kwa mikono hii. Kikiwa na petroli, tutakwenda pamoja gereji kwa shaba na mpira mwingine. Utafunga wewe, mimi nitakushikia taa, na sitagusa nati hata moja. Mtaondoka keshokutwa, na Bwana Karim atasubiri. Maduka hayaungui kwa kusubiri.

Lakini ukiona hakuna haja ya kufungua, basi usifungue. Gari umekabidhiwa wewe. Mpeleke Anasia akapande basi, mwambie mtakutana Babati. Halafu ingia, washa, twende mimi na wewe. Mama yako nimekwisha kumuaga.

Baba yako,
Nathanaeli